Sura ya Tisa: Shukrani Inayopimwa kwa Debe

Mwezi wa saba ukifika, Nyanda za Juu Kusini huwa zimebadilika rangi. Kuanzia Iringa hadi Njombe, na kutoka Mbozi mpaka kule Sumbawanga, mabua yaliyokuwa ya kijani kibichi mwezi wa tatu sasa yamekauka na kuinama. Asubuhi ni baridi ya kuuma, na Makete wengine huamkia jalidi juu ya majani. Mchana jua linawaka na anga halina wingu. Mkulima aliyelala macho mwezi wa kwanza akiomba mvua, sasa anaomba isinyeshe hata tone, kwa sababu mahindi yako uani na hayajakauka sawasawa.

Chukua hindi moja kutoka kwenye lundo lake, menya maganda, ulitazame kwa karibu. Hesabu mistari ya punje inayozunguka gunzi. Utapata 12, au 14, au 16. Karibu siku zote ni namba shufwa. Kila mstari una punje 30 hadi 40, kwa hiyo hindi lililojaa vizuri hubeba punje 400, 500, wakati mwingine zaidi. Na kila punje ina habari yake. Hindi lilipokuwa changa, kila punje ilitoa uzi mmoja, zile nywele tunazozitupa tunapomenya hindi la kuchoma. Kila uzi ulitakiwa upate chavua inayodondoka kutoka kwenye mbelewele juu ya mmea. Uzi uliokosa chavua haukuzaa punje, na mahali pale pamebaki pengo.

Ndiyo maana mkulima mzoefu hulisoma hindi kama daftari la msimu. Akikuta mapengo katikati ya mistari, anajua kwamba jua lilikuja wakati mahindi yanatoa nywele. Akikuta ncha tupu, anajua punje zilishikwa lakini maji au mbolea havikutosha kuzijaza zote. Majuma mawili tu ya ukame katika kipindi kile cha kutoa mbelewele yanatosha kupunguza mavuno ya mwaka mzima. Anayelishika hindi lililojaa mpaka nchani anashika ushahidi kwamba mambo mengi, ambayo mengi yake hakuwa na uwezo nayo, yalikwenda sawa kwa wakati wake.

Ujuzi huo haupunguzi imani ya mtu. Kwa maoni yangu, shukrani ya kweli ya mkulima inaanzia hapo, kwa sababu huwezi kushukuru vizuri kwa kitu ambacho hujui kilipitia hatari ngapi. Mwambie mzee wa Njombe kwamba amevuna vizuri mwaka huu, atakujibu, "Mungu katuona." Katika maneno hayo mawili mna mvua ya Desemba iliyowahi, mna viwavijeshi waliokuja wakaondoka, mna watoto ambao hawakuugua wakati wa palizi.

Kumbuka pia shamba linaanzaje. Ekari moja ya mahindi huhitaji karibu kilo 10 za mbegu. Kupanda huangukia Novemba na Desemba, na miezi inayofuata ndiyo miezi ya njaa katika nyumba nyingi: kihenge kimeanza kulia, na shamba bado halijatoa hata hindi la kuchoma. Wazazi wetu, waliokuwa wakitunza mbegu zao wenyewe darini juu ya moshi wa jiko, walikuwa wanatoa chakula mbele ya watoto wenye njaa na kukifukia ardhini. Leo wengi tunanunua mbegu dukani, lakini tendo ni lile lile: fedha ambayo ingenunua unga inafukiwa kwenye udongo, na hakuna wa kutoa risiti. Mimi sijui tendo la imani lililo wazi kuliko hilo. Mavuno yanapokuja, imani ile inadai ikamilishwe kwa shukrani, na shukrani ya mkulima, kama nitakavyoonyesha katika sura hii, ni kazi. Ina kipimo na ina watu inaotakiwa iwafikie. Ikiishia mdomoni, bado haijawa shukrani.

Kumi ya mvua, ishirini ya pampu

Dini zetu kubwa mbili hazikumwachia mkulima ashukuru kwa hisia peke yake. Zilimpa vipimo.

Katika Uislamu, Qurani inamwagiza mkulima atoe haki ya mazao siku ya kuvuna. Agizo hilo limo katika Suratul An'am, aya ya 141. Mafundisho ya Mtume yakaeleza kiasi. Mazao yaliyonyweshwa na mvua au chemchemi hutolewa sehemu moja ya kumi. Yaliyomwagiliwa kwa gharama na nguvu za mkulima hutolewa sehemu moja ya ishirini. Na asiyefikisha wasaki tano, yaani takriban kilo 650 za nafaka kwa hesabu ya wengi, hadaiwi zaka ya mazao hata kidogo.

Tazama hekima iliyomo. Sheria inamtambua mtu aliyebeba maji. Mkulima wa mpunga anayeteremsha pampu mtoni na kununua mafuta kila juma hahesabiwi sawa na yule aliyelala usiku mvua ikimfanyia kazi. Pale mbingu zilipotoa zaidi, shukrani ni kubwa zaidi. Pale jasho lilipotoa zaidi, shukrani inapunguzwa nusu. Na maskini aliyevuna gunia nne za kulisha nyumba yake anaachwa ale na wanawe kwa amani. Kipimo hiki kinamlinda mtoaji na kumlinda mpokeaji kwa wakati mmoja.

Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inaeleza mkulima anavyochukua malimbuko katika kikapu na kwenda nayo mbele ya kuhani. Kabla hajaondoka anatakiwa aseme kwa sauti habari za wazee wake: walikuwa wahamaji, wakawa watumwa Misri, wakateswa, wakatolewa, wakapewa nchi. Baada ya hapo anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa katika mji wake. Mkulima huyu hakuambiwa ajisifu kwa shamba lake. Aliambiwa akumbuke siku ambazo hakuwa na shamba.

Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakwenda mbali zaidi: usivune pembe za shamba lako, wala usirudi kuokota masazo, waachie maskini na mgeni. Kwa agizo hilo Ruthu, mjane Mmoabi, aliingia katika shamba la Boazi akaokota masuke nyuma ya wavunaji. Wapo wanaolisoma simulizi lile kwa ajili ya ndoa iliyofuata. Mkulima alisome kwa ajili ya Boazi, aliyewaagiza vijana wake waangushe masuke mengine kwa makusudi ili mwanamke yule apate cha kutosha bila kuaibishwa.

Wala Afrika haikungoja wageni ije ijue kushukuru. Rwanda ilikuwa na Umuganura, sikukuu ya mazao mapya, ambapo mfalme alionja nafaka ya kwanza kwa niaba ya nchi nzima. Utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku mwaka 1925. Mwaka 2011 ilirudishwa kuwa sikukuu ya taifa, na sasa husherehekewa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Kwetu Tanzania, wakulima wana Nane Nane, tarehe 8 Agosti, siku ambayo nyanda za kusini zinakuwa zimemaliza kuvuna au ziko ukingoni. Maonyesho yana faida yake, na matrekta yapo ya kutazama. Lakini chimbuko la siku kama hiyo ni la zamani kuliko trekta: watu wamekula, wameshiba, wanataka kumwambia fulani asante.

Jumapili ya mavuno

Wamisionari wa Kijerumani, wa misheni za Berlin na Moravian, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Kwao Ujerumani, ibada ya shukrani ya mavuno huangukia mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa vuli yao. Huku kwetu Oktoba ni mwezi wa kusafisha shamba. Ibada ikabidi ifuate mahindi na siyo kalenda, na hadi leo kila usharika hupanga Jumapili yake kulingana na mazao yanavyoingia nyumbani.

Ukifika siku hiyo katika kanisa la kijijini, utakuta hakuna pa kupita kuelekea madhabahuni. Kuna madebe ya mahindi, na debe moja ni karibu kilo 18 hadi 20. Kuna maharage kwenye sufuria, viazi mviringo kwenye viroba, kabichi, maparachichi, miwa iliyofungwa kwa kamba ya gome, asali kwenye chupa ya maji, mbuzi aliyefungwa mtini nje, na kuku waliofungwa miguu wanaoitikia mahubiri kwa wakati wao. Mtoto anapita mbele na mayai matatu kwenye kikombe. Bibi mmoja anabeba sahani ya ulezi iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, anaiweka chini kwa mikono miwili, anapiga goti.

Baada ya ibada unaanza mnada. Mzee wa kanisa mwenye sauti anashika kuku juu na kutaja bei. Mmoja anaongeza, mwingine anaongeza. Aliyeshinda analipa, kisha anasema, "Rudisha mnadani," na kuku yule yule anauzwa mara ya pili, na ya tatu. Mayai matatu yanaweza kununuliwa kwa bei ya trei nzima. Mgeni anaweza kudhani watu hawa hawajui bei ya sokoni. Wanaijua sana, ndio wanaouza sokoni kila siku. Siku hii wamekubaliana kwamba soko lisitoe hukumu ya mwisho juu ya thamani ya kitu. Sahani ya ulezi ya bibi inapanda mpaka inazidi gunia la tajiri, na kila aliye pale anaelewa kwa nini.

Naipenda siku hiyo kwa moyo wote, na kwa sababu naipenda nitasema linalonikera. Mahali pengine shukrani imeanza kugeuka kodi. Majina yanasomwa pamoja na kiasi, na mwenye debe nusu anajikunyata kwenye benchi la nyuma. Mahali pengine mhubiri anawaambia wakulima watoe zaidi ili msimu ujao wavune mara mia, kana kwamba mvua ni bidhaa na sadaka ni malipo ya awali. Mafundisho hayo yanamnyang'anya mkulima mara mbili: kwanza mahindi yake, halafu imani yake, ile siku mvua itakapokatika naye akajiona ametupwa. Viongozi wetu wa dini, tafadhali, pokeeni kidogo kwa heshima ile ile mnayopokelea kingi. Na kwa nyumba iliyokosa kabisa, kapu litoke kanisani liende kwake.

Jirani naye aliomba

Hapa ndipo imani ya mkulima inapojaribiwa kweli, na sitaki kupita haraka.

Msimu wa 2023/24 ulikuwa mwaka wa El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yalipata joto kupita kawaida na mvua zikavurugika sehemu nyingi za dunia. Kusini na katikati mwa Zambia mvua ilikatika mapema mwaka 2024, na mahindi yakakaukia shambani. Serikali ya Zambia ilitangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari. Malawi ikafuata mwezi wa Machi, na Zimbabwe mwanzoni mwa Aprili. Upande wetu mvua zilikuwa nyingi, sehemu nyingine zikaleta mafuriko, lakini mahindi ya nyanda za kusini yalibeba. Mwaka huo huo Tanzania iliiuzia Zambia mahindi, na malori yakavuka mpaka wa Tunduma.

Je, waliosali Choma, kusini mwa Zambia, walisali vibaya kuliko waliosali Mbozi? Walifunga kwa uongo? Walitoa zaka pungufu? Hakuna mtu mwenye hofu ya Mungu anayeweza kusema hivyo. Jirani naye aliomba. Alipanda kwa wakati, alipalilia, alitia mbolea, na hakupata kitu. Hata ndani ya kijiji kimoja utakuta mvua ya mawe imepiga bonde hili ikaacha lile.

Kwa hiyo anayeshukuru kwa mavuno yake na awe mwangalifu asije akajitangaza kuwa ndiye mwadilifu. Mavuno si cheti cha tabia njema. Ni zawadi, na zawadi humpa aliyepewa wajibu kwa yule ambaye hakupewa. Ukishalikubali hilo, ghala lililojaa linakufanya uulize nani hakuvuna, na swali hilo huja kabla ya swali la bei.

Na aliyekosa je? Nabii Habakuki anamaliza kitabu chake kwa kuhesabu hasara moja baada ya nyingine: mtini hauchanui, mizabibu haina kitu, mashamba hayatoi chakula, zizi halina mifugo. Baada ya kuhesabu yote bila kuficha, anasema bado atamfurahia Mungu. Nabii hakusema shamba limezaa. Hakujifanya. Mkulima aliyekosa ana haki ya kuhesabu hasara yake kwa sauti, hata kulia, na hakuna anayepaswa kumhimiza atabasamu. Imani yake itaonekana atakapochukua jembe tena Novemba. Itaonekana mapema zaidi kama jirani aliyevuna atamletea mbegu.

Kazi ya mwisho ya msimu

Methali yetu inasema moyo usio na shukrani hukausha mema mengi. Kwa mkulima maneno hayo ni ya kweli kabisa, tena kwa maana ya mahindi yenyewe.

Anayeshukuru kwa chakula hukitunza. Akiba haiozi, tunaambiana, lakini mahindi yaliyowekwa ghalani mabichi huoza, na hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua karibu watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Walikula ugali wa mahindi yao wenyewe. Njia ya kupima iko jikoni kwako. Chukua chupa kavu, weka konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, acha dakika 10 hadi 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe kwenye turubai juani. Ikianguka chini yote, yako tayari. Anika juu ya turubai, usianike chini kwenye udongo. Halafu kuna dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la Scania. Mifuko ya tabaka tatu, ikifungwa hewa isiingie, humuua kwa kumnyima pumzi. Dua ya kuombea ghala ni njema; ukiisha kuiomba, funga mfuko vizuri.

Anayeshukuru hulipa watu wake. Kuna kijana aliyelima ngwe zako mwezi wa kumi na moja ukamwambia, "Nikivuna." Kuna wanawake waliokuja kwenye ujima wa palizi ukawapikia uji na kuwaahidi kwamba nawe utakwenda kwao. Kuna duka la pembejeo lililokukopesha mbolea ya kukuzia. Hao ndio mikono ambayo Mungu aliitumia, na kumshukuru Yeye huku wao wanakudai ni kujidanganya. Na ukiwa mnunuzi, jua kwamba lumbesa, kilele kile kinachoshonewa juu ya gunia lililokwisha kujaa, ni wizi hata kama muuzaji amenyamaza. Gunia linalozidi kilo 100 ni kosa mbele ya Sheria ya Vipimo, na mbele za Mungu ni kosa la zamani zaidi.

Anayeshukuru huketi na nyumba yake. Katika nyumba nyingi mama ndiye aliyepanda, akapalilia mtoto mgongoni, akavuna na kupukuchua. Mahindi yakishauzwa, fedha inazungumzwa na baba peke yake, tena wakati mwingine inazungumzwa kilabuni. Misimu mizuri imevunja ndoa ambazo njaa haikuweza kuzivunja. Kaeni pamoja kabla lori halijaja. Tengeni kwanza chakula cha nyumba mpaka mavuno yajayo, kisha ada, kisha mbegu na mbolea, kisha sadaka, na kinachobaki ndicho cha kuuza bila haraka. Mwezi wa saba bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Anayeweza kusubiri hadi Desemba mara nyingi hupata zaidi.

Na anayeshukuru huirudishia ardhi. Mwezi wa tisa utaona moshi kila kilima, watu wanachoma mabua ili shamba liwe safi. Mabua yale ndiyo chakula cha udongo. Ukiyaacha yaoze, yanatunza unyevu na kurudisha sehemu ya kile ambacho hindi lilichukua. Udongo hauna mdomo wa kudai, lakini hulipiza taratibu, gunia moja moja kila mwaka.

Mkulima mwenzangu, ukishasoma sura hii, usingoje Jumapili ya mavuno wala siku ya zaka. Chukua karatasi, andika majina ya wote walioshika shamba lako mwaka huu kwa jembe, kwa mkopo, kwa ng'ombe, kwa ushauri au kwa dua. Mbele ya kila jina andika unachodaiwa, na chini kabisa andika jirani mmoja ambaye mwaka huu hakuvuna. Kisha toka na debe lako uanze kupima, na umpimie yeye kwanza, maana hao wengine wataweza kungoja mpaka kesho asubuhi, lakini watoto wake watataka kula leo jioni.